Vikombe vya Kuazima na Barua Moja ya Shule

Niseme wazi kabla ya jambo lingine lolote. Aliyemnyima Namuli nafasi ya kusoma sekondari ni afisa wa ustawi aliyefika kwenye ploti yetu ya Migosi siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, akiwa na faili ya kijani kwapani na kalamu mbili mfukoni. Jina lake limo katika faili hiyo, na wanaohusika wanalijua. Waliomsaidia kukosea ni mama yangu mzazi, ambaye sasa ni marehemu, na mimi mwenyewe. Nimetumika masjala ya ofisi hiyo hiyo ya ustawi hadi nikastaafu, na nimejifunza kwamba faili isiyomtaja mhusika katika ukurasa wa kwanza haitamtaja hata katika ukurasa wa mwisho.

Kilichonirudisha huko ni wanga. Juzi nilikuwa nikipiga pasi vitambaa vya makochi, kwa kuwa akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwangu, na ile harufu ya wanga wa muhogo ikapanda: tamu kidogo, nzito, kama uji ulioanza kushika chini ya sufuria. Nikazima pasi. Nikakaa. Nikajikuta nina umri wa miaka kumi na moja, nimebeba rundo la vitambaa vilivyokakamaa, navuka ua wa ploti kwenda chumba cha jirani.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi vilivyotazamana, na mfereji mmoja wa maji katikati. Wengi wetu tulikuwa watu wa hapa hapa kando ya ziwa, na wachache walitoka upande wa Kakamega na Vihiga. Familia mbili tu zilikuwa za wageni waliokimbia nchi zao. Chumba cha tatu alikaa Mama Namuli, aliyetoka Uganda wakati wa vurugu. Mumewe alikuwa mwalimu, na habari zake hazikujulikana tena. Mama huyo alisuka mikeka ya rangi na kuiuza Otonglo siku za soko, na asiposuka alifulia watu nguo. Chumba cha saba alikaa Bwana Tesfaye, Mhabeshi, fundi wa redio mwenye kibanda chake Kondele na vijana wawili waliofanya kazi chini yake. Mkewe aliitwa Almaz, na mwana wao Dawit.

Namuli na Dawit walikuwa wamefaulu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na wote wawili walikuwa wameitwa sekondari. Lakini mtoto wa mgeni asiye na karatasi za uraia hakuandikishwa bila barua ya ofisi ya ustawi, na barua hiyo ndiyo iliyolipa karo. Kwa mtaa wetu ilitolewa barua moja tu. Bwana Tesfaye hakuwa na wasiwasi sana, maana alikuwa amekwisha kuzungumza na shule moja ya binafsi iliyokubali kumpokea mwanawe bila barua hiyo. Namuli hakuwa na shule nyingine. Alikuwa na hiyo barua au mkeka.

Namuli ndiye aliyenifundisha hesabu. Jioni aliketi kizingitini, akichambua ukindu kwa vidole huku akinisahihisha kwa mdomo, bila hata kutazama daftari langu. "Rudi mstari wa pili," angesema. "Pale ulilala."

Habari ilipokuja kwamba afisa atazitembelea familia hizo mbili, alinganishe hali zao na kuamua ni nani mwenye shida zaidi, mama yangu alijitwalia madaraka ambayo hakupewa na mtu. Yeye alikuwa na vikombe sita vya udongo mweupe vyenye kingo za dhahabu. Vikombe hivyo vilikuwa vyake kwa jina tu. Kwa matumizi vilikuwa vya ploti nzima. Akija mkwe, vilihamia kwa mwenye binti. Akija kasisi, vilihamia kwa mgonjwa. Vilitembea pamoja na vitambaa, chupa ya chai na viti viwili vyenye mito, na hakuna aliyeona kwamba ni uongo. Hivyo ndivyo tulivyopokea wageni, na hivyo ndivyo inavyofanyika hadi leo katika ploti nyingi za mji huu.

Mama Namuli hakutaka. Kwao mgeni huwekewa mkeka, na mikeka yake ilikuwa mizuri kuliko kiti chochote cha pale.

"Mama Achieng, mimi nitatandika mkeka," alisema. "Akae, tuongee."

Mama yangu alimtazama kama mtu aliyesikia tusi. "Wewe serikali inakuja kwako, halafu unataka ikae chini kama kuku anayetaga? Hapana, yawa. Serikali haikai chini."

"Lakini sina viti."

"Viti iko. Achieng, nyathina, mtoto wangu, leta viti. Leta na vitambaa. Vikombe nitabeba mwenyewe, wewe mkono yako inateleza."

Serikali haikai chini. Mama yangu aliyasema maneno hayo maisha yake yote, na ni mara ile tu yalipotugharimu.

Afisa alifika. Alikuwa mtu wa huku huku, na hilo nalisisitiza, kwa sababu ndilo linaloniudhi hadi leo. Mama yake mzazi, popote alipokuwa, bila shaka aliwahi kuazima kikombe. Aliingia chumba cha tatu, Mama Namuli akapiga magoti kumsalimu kwa desturi ya kwao, "Ssebo, karibu," naye afisa akakohoa kwa haya na kuketi kwenye kiti chetu. Mama yangu aliketi pembeni kama jirani mwema. Mimi nilipewa sinia.

"Mna vyombo vizuri," afisa alisema, akikigeuza kikombe kusoma chapa ya chini.

Mama Namuli akamtazama mama yangu. Mama yangu akatazama dari. Kumwambia mgeni wa watu kwamba kikombe anachonywea kimeazimwa ni kumvua mwenyeji nguo mbele yake. Hakuna mwanamke wa ploti yetu ambaye angethubutu.

Afisa akanigeukia. Nadhani aliniona na sinia akanichukulia kuwa mtoto wa nyumba. "Wewe mtoto, hapa mnakunywa chai ya maziwa kila siku?"

Nilijua kwamba pale walikunywa chai ya rangi, na kuna siku hata majani yalichemshwa mara ya pili. Lakini swali lilikuja huku macho ya mama yangu yakiwa yamenikaa usoni.

"Kila siku," nilijibu.

Akaandika. Nakumbuka sauti ya kalamu kwenye karatasi, na fahari iliyonijaa kifuani, kwa kuwa niliamini nimemtetea rafiki yangu.

Kisha akaenda chumba cha saba, nasi watoto tukajazana mlangoni kutazama. Almaz naye alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. Alikuwa ameondoa viti vyake vizuri na kuvisukuma nyuma ya pazia, akatandaza sakafuni nyasi mbichi zilizokatwa kando ya mto, akawasha ubani na kukaanga kahawa mbele ya mgeni ili moshi umfikie. Kwao hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Mgeni huketi kwenye kigoda kifupi, harufu ya nyasi na kahawa ikimzunguka, na hunywa vikombe vitatu vidogo bila haraka. Anayeondoka kabla ya cha tatu amewatukana wenyeji.

Afisa alipiga chafya mara nne. Alizitazama nyasi, akainua miguu kana kwamba zitamwuma.

"Mnalala hapa?" aliuliza.

Almaz hakujua Kiswahili, na mumewe alikuwa kazini Kondele. Dawit akajibu kwa adabu, "Hapana, mzee. Hii ni kwa ajili yako. Ni heshima."

Afisa akatikisa kichwa kwa huruma, kwa namna watu wazima wanavyomkubalia mtoto anayeficha aibu ya nyumbani, akaendelea kuandika sentensi ambayo alikuwa ameianza kabla ya kuuliza. Alikunywa kikombe kimoja akaondoka. Almaz alibaki na birika mkononi, akamwambia mwanawe maneno ambayo Dawit alikataa kututafsiria.

Baada ya wiki mbili barua ilikuja, na ilikuwa ya Dawit.

Bwana Tesfaye ndiye aliyekasirika kuliko wote. Alifunga kibanda chake katikati ya wiki, akamchukua Mama Namuli, wakaenda ofisini pamoja. Tuliwasubiri kwenye mfereji. Walirudi alasiri, yeye mbele, kofia mkononi.

"Nimewaambia, mimi nina kazi, nina vijana wawili," alisema. "Nimewaambia, hii barua mpe huyu mama, mtoto wangu ana shule. Karani ananicheka. Anasema, mzee, watu wote wenye shida wanaona haya, usiogope kusaidiwa."

"Na wewe ulisema nini?" mama yangu alimwuliza Mama Namuli.

"Nilisema vikombe si vyangu. Wakasema faili imefungwa."

Mama yangu hakula jioni hiyo. Asubuhi alinituma na unga wa makopo mawili ya gorogoro kwa Mama Namuli. Mama Namuli alipokea kwa mikono miwili. "Mwambie mama yako vikombe havina kosa," alisema. Namuli alikuwa nyuma yake, anasuka. Mwaka huo alianza kwenda Otonglo na mama yake siku za soko, na siku nyingine alifua nguo za familia moja ya wafanyabiashara. Daftari langu aliendelea kulisahihisha. Nilipofaulu na kwenda sekondari, nilikwenda na hesabu zake.

Kwa miaka mingi niliamini kosa lilikuwa ni neno langu moja, kila siku. Nilipoajiriwa masjala, nilifanya jambo ambalo karani mpya hapaswi kulifanya: niliitafuta faili ya kijani. Niliipata. Ndani yake mlikuwa na jedwali lenye safu mbili lililopigwa taipu vizuri, lenye kichwa cha habari kuhusu ulinganisho wa hali ya kijamii na ya kiuchumi ya wageni kutoka Uganda na wageni kutoka Ethiopia. Chini ya Waganda iliandikwa kwamba hali yao ni nzuri, wana vyombo vyenye kingo za dhahabu, hunywa maziwa kila siku, na chanzo cha habari hii ni mtoto wa nyumba. Chini ya Wahabeshi iliandikwa kwamba hali yao ni duni mno, hulala juu ya nyasi, na chakula chao kikuu ni mbegu za kukaanga.

Nilisoma mara mbili. Mtoto wa nyumba nilikuwa mimi. Lakini kilichonitoa jasho kilikuwa kurasa zilizofuata. Huyo bwana alikuwa ameingia katika vyumba viwili, kwa saa moja na nusu ikiwa ni pamoja na kupiga chafya, kisha akaandika juu ya watu wa nchi mbili. Na maafisa waliomfuata hawakutembelea mtu tena. Kila ombi la mtu kutoka Uganda lilipokuja, pembeni iliandikwa kwa wino mwekundu: tazama jedwali. Nilihesabu maombi hayo mpaka nikaacha. Wengine walikuwa wajane. Mmoja alikuwa ameambatisha picha ya nyumba iliyoezuliwa paa.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mtoto hawezi kulielewa. Mtoto husema uongo kwa sababu ameulizwa mbele ya mama yake. Mwanamke huazima kikombe kwa sababu ana mgeni. Haya ni mambo ya watu, na mtu aliyelelewa kando ya ziwa hili alipaswa kuyajua kabla hajavua kofia yake. Kosa lilikuwa ni kwamba karatasi ile haikuwa na mahali ambapo Mama Namuli angeisoma na kusema, hapana, hivi sivyo. Nilimwandikia mkubwa wangu nikieleza hayo. Alinijibu kwa mdomo, kwenye korido, kwamba jedwali ni la zamani na halimdhuru mtu. Kesho yake lilinukuliwa tena.

Nimenyamaza tangu wakati huo, na kunyamaza kwangu pia kuingie kwenye kumbukumbu. Sinyamazi tena, kwa sababu mwezi uliopita kijana mwenye kishikwambi alikuja mtaani kwetu kulinganisha familia zilizotoka Kongo na zilizotoka Sudan Kusini. Ni kijana wa adabu. Nilimwuliza kama wenyewe watasomewa anachokiandika kabla hajakituma. Alinijibu, "Mama, mfumo hauruhusu kurudi nyuma."

Kwa hiyo naiandikia ofisi husika, kwa jina langu kamili na namba yangu ya ajira ya zamani, na nadai yafuatayo yatekelezwe. Jedwali lile liondolewe katika matumizi, na pembeni yake paandikwe ni nani aliyeliandaa, alikaa wapi, alikunywa nini, na aliambiwa nini akakataa kusikia. Maombi yote yaliyokataliwa kwa kulitegemea yafunguliwe na wenyewe watafutwe. Kijana yule asitume ukurasa hata mmoja kabla ya kuusoma mbele ya watu anaowaandika. Na Namuli, ambaye yu hai, anayesuka mikeka ng'ambo ya mpaka na ambaye anwani yake ninayo, aandikiwe barua ya maelezo ndani ya siku thelathini. Barua hiyo isije kwangu. Iende kwake, iseme alinyimwa nini na nani, na itiwe sahihi na mtu mwenye jina.