Tiki Iliyowekwa Tayari

Yudith Makarius alikuwa na kazi ambayo pale Mikumi hakuna aliyeielewa vizuri. Mama mwenye nyumba aliwaambia majirani kwamba mpangaji wake anauza tiketi za ndege. Hakuwa anauza. Alichora kurasa za app ya kutafuta tiketi za bei nafuu: kitufe kikae wapi, kiwe na rangi gani, mtu akishabonyeza aone nini. Ofisi ilikuwa Dar es Salaam. Yeye alipanga chumba na sebule nyuma ya barabara kuu iendayo Iringa, kwa kuwa mtandao wa pale haukumsumbua. Malori yalipita mchana kutwa, naye akasogeza vitu kwenye skrini.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, alichora kitu kilichomletea sifa. Chini ya tarehe ya safari aliweka maneno "Nitafutie siku nafuu zaidi," na pembeni yake kisanduku chenye alama ya tiki iliyokwishawekwa. Msafiri asipoiondoa, app ilimhamishia kwenye siku yenye bei ya chini. Tarehe mpya iliandikwa, ndiyo, ila kwa herufi ndogo za kijivu, juu ya kitufe kikubwa cha rangi ya chungwa. Watu wakawa wanalipa bila kusita. Bosi wake, Yusrah, alimwandikia: "Umetisha, mdogo wangu."

Baba yake, Mwalimu Makarius, alikuwa amestaafu na kurudi Kidete kulima mahindi na vitunguu. Yudith alimwekea ile app kwenye simu mwenyewe, Krismasi iliyopita. Mwezi wa tano shangazi Lea, dada yake Mwalimu aliyeolewa Mwanza, alizidiwa hospitalini, akawa anamuulizia kaka yake kila siku. Mwalimu hakumwambia bintiye kwamba anasafiri. Alitaka kujikatia tiketi mwenyewe, kisha ampigie akiwa Mwanza amwambie kwamba app yake ni nzuri.

Simu iliita Alhamisi, saa saba mchana.

"Yudi, niko uwanja wa ndege Dar. Wananiambia safari yangu ni Jumanne ijayo."

"Shikamoo baba. Ulichagua siku gani?"

"Marahaba. Nilichagua leo."

Yudith alikuwa na ukurasa uleule mbele yake. Alitazama tiki. Alitafuta ndege nyingine za siku hiyo, zikawa zimejaa, na za Ijumaa vilevile. Baba yake akasema basi, atapanda basi la alfajiri. Lea alifariki Ijumaa saa nne asubuhi, basi likiwa halijafika Dodoma. Mwalimu aliwahi kumzika, lakini hakuwahi kuongea naye.

Yudith alipopata habari hizo alisema, "Haya, pole baba," akakata simu, akaendelea kusogeza picha ya begi kushoto kidogo. Alisubiri kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Jioni alipika wali, akala wote.

Wiki mbili baadaye alipanda basi hadi Kilosa, kisha bodaboda hadi Kidete. Baba yake alikuwa amekaa barazani akichambua mbegu za vitunguu. Wakasalimiana, wakanywa chai. Halafu Yudith akamwomba atoe simu.

"Baba, nionyeshe ulivyofanya siku ile. Usilipe, fika tu mwisho."

Hivyo ndivyo alivyozoea kuwafanyia watumiaji wengine: kukaa pembeni, kurekodi, kutosaidia. Alielekeza simu yake kwenye mkono wa baba yake. Kidole kilichagua tarehe taratibu, kikarudi kuhakikisha, kikashuka. Kilipita juu ya tiki bila kusimama. Kikatua kwenye kitufe cha chungwa.

"Hapo ndipo nilipokosea," alisema Mwalimu. "Sikuvaa miwani."

"Hukukosea. Hiyo nilichora mimi."

Mwalimu aliinua uso. "Wewe?"

"Ndiyo."

"Mbona maandishi umeyafifisha hivi?"

"Ili watu wasiyasome."

Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliokiri kosa kabla hajawauliza. Kisha akavuta ungo karibu, akaendelea kuchambua mbegu.

Jumatatu kwenye kikao cha mtandaoni Yudith alionyesha ile video. Yusrah aliuliza, "Huyu mzee ni nani?"

"Mtumiaji. Alikosa kumwona dada yake akiwa hai. Nataka tiki iondoke."

"Yudith, ukiitoa mauzo yanashuka. Unajua."

"Najua."

Alisema kwa sauti ileile aliyoitumia kuongelea rangi. Huenda ndiyo maana wenzake hawakubishana naye sana. Ilichukua wiki tatu. Tiki ikaondolewa, na tarehe ikaandikwa kwa herufi nyeusi kubwa, ikifuatiwa na swali: "Unasafiri siku hii?" Mauzo yalishuka. Yusrah hakumwandikia tena maneno ya sifa, lakini hakumfukuza.

Mwalimu aliifuta app, akasema simu haina nafasi, anahitaji kurekodi kwaya ya kanisa.

Desemba walikwenda Mwanza kwa basi kuweka msalaba kaburini. Njia nzima baba yake alizungumzia bei ya mbolea na mvua zilizochelewa, na Yudith akaitikia. Makaburini mtoto wa Lea, Happyness, alikuwa akikoroga saruji kwenye ndoo.

"Dada, hivi kazi yako ni nini hasa?" alimuuliza.

Yudith alifikiri. "Nachora kurasa za app za watu wanaosafiri."

"Inalipa?"

"Inalipa."

"Basi shika hapa, usiyumbe."

Yudith alishika msalaba kwa mikono miwili. Saruji ilimwagwa, Mwalimu akaikanyagia kwa kiatu. Jua lilikuwa kali. Yudith alihisi ubao umeanza kumchoma viganja, naye akaendelea kuushika.