Nyuma ya Gari la Shujaa

Mwanangu alikuwa benki. Sisemi alicheza mambo ya benki, alikuwa benki yenyewe. Kila jioni watoto wa uani kwetu Tunduma, mpakani na Zambia, walicheza ule mchezo wa kwenye video, wa jamaa mwenye kofia ya chuma anayewafukuza majambazi. Mwenye gari aliendesha. Asiye na gari alikaa chini ukutani, akaibiwa. Magari yenyewe yalikuwa ya waya na makopo, ya kujitengenezea, yenye usukani mrefu unaoushika ukiwa umesimama. Binti yangu alikuwa na miaka sita na hakuwa na gari.

"Kwa nini usikatae?" nilimuuliza.

"Nikikataa wananitoa kabisa."

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nilikuwa na hasira na baba yake, aliyepanda lori kama utingo akaenda Zambia, akanogewa. Nilikuwa na hasira na cheti changu cha kidato cha nne, kilichokaa kwenye bahasha huku mimi nachemshia madereva chai kandokando ya foleni ya malori. Hizo zote sikuwa na la kuzifanya. Hii ya benki nilikuwa nalo. Nilimwambia nitamtengenezea gari, tena siyo gari tu, nitatengeneza lile la yule jamaa lenyewe.

Kutengeneza nilijua. Kwetu Ibaba tulikua tukichonga magari ya mianzi, na kaka zangu waliniletea ya kwao niwafungie magurudumu. Tatizo lilikuwa kwamba gari la huyo shujaa sikuwahi kuliona. Kwa hiyo nilienda kwenye kibanda cha video, mahali ambapo wanawake hatukuwa tukiingia.

Mwenye kibanda, mfanyabiashara mmoja aliyetoka Tanga, alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

"Dada, leo hakuna picha ya mapenzi."

"Nimekuja kuangalia gari."

"Gari?"

"Gari. Kuna neno?"

Akawasogeza vijana kwenye benchi, nikakaa. Ngumi sikuziangalia, wala mapenzi yao. Niliangalia chuma. Gari lilikuwa la bluu nzito, pua ndefu imeinama kama ya nguruwe anayenusa, vioo vyeusi, milango inafunguka kwenda juu. Nikajiuliza mlango unashikwa na nini usimwangukie mtu kichwani. Halafu gari likaanza kugeuka lituonyeshe nyuma, na picha ikaganda. Ikakatika vipande vipande, ikaruka mpaka mahali jamaa yuko kwake amekaa.

"Rudisha," nikamwambia mwenye kibanda.

"Hata nikirudisha mara mia, inaganda palepale. Diski imechakaa."

"Kwa hiyo nyuma pakoje?"

Akacheka. "Dada, tangu niinunue hajatokea mtu wa kuniuliza hilo."

Hilo lilinishangaza kuliko filamu yenyewe. Benchi zima la wanaume, wanakuja kila siku, na hakuna aliyetaka kujua.

Nilianza na mbele. Bodi nilikata kwenye debe la bluu la mafuta ya kula. Fremu ilikuwa ya nyaya zinazobaki tairi la lori likiungua, ngumu lakini ukizizoea zinakutii. Vioo vyeusi nilivipata kwenye picha ya eksirei ya jirani aliyewahi kuvunjika mkono, na mwanangu alifurahi kwamba kioo cha mbele kina mfupa. Matairi, soli za kandambili. Milango ndiyo iliyonitesa. Nilijaribu kibanio cha nywele kikalegea, nikajaribu pini nikajichoma. Mwisho nikatoa springi kwenye kalamu ya wino, nikaifunga ndani. Mlango ukapanda juu wenyewe, ukabaki huko. Niliufunga na kuufungua mpaka chai ya watu ikapoa.

Nyuma nikawauliza madereva. Wanafika mpaka Kongo, nikadhani wameona mengi.

"Kunatoka moto," akasema mmoja.

"Moto wa nini?"

"Wa kukimbilia, mama chai. We huoni wanavyokimbia?"

Mwenzake akakataa. "Moto hapana. Gari la safari ndefu lazima liwe na spea tairi. Akipata pancha porini?"

"Yule hapati pancha."

"Kwa nini?"

"Ni filamu."

"Kwenye filamu hakuna misumari?"

Nikawaacha wanabishana. Siku moja nikavuka kwa miguu mpaka Nakonde, kwa mama mmoja Mzambia aliyeuza vitu vya plastiki vya kuchezea watoto. Gari lile alikuwa nalo, dogo, ndani ya boksi lenye dirisha mbele. Pua ileile. Nikageuza boksi: karatasi ngumu, picha ya jamaa amekunja mikono.

"Mama, nifungulie nione nyuma tu."

"Awe, bamayo," akanikatalia. "Ukifungua umenunua."

Nikarudi. Na kwa kuwa dunia nzima ilikataa kunionyesha, nikaweka ninachokijua. Nyuma za magari nazijua, naziangalia kutwa. Nikaweka madigadi ya mpira wa baiskeli, rifleta nyekundu, spea tairi katikati, na kipande cha mti kinachoning'inia, cha kuzuia tairi mlimani.

Jioni mwanangu akalitoa uani. Nilisimama mlangoni na sufuria mkononi. Mtoto wa jirani, aliyekuwa mkubwa wao, akalizunguka.

"Siyo lenyewe. Lenyewe halina spea."

"Umeliona nyuma?" mwanangu akauliza.

Yule akafikiri. "Pale si huwa inaganda."

"Basi."

Wenzake wakacheka. Akaona anaaibika. "Haya, gari liingie. Ila naendesha mimi. Wewe si benki? Kaa."

Nikaweka sufuria chini. Nilikuwa naenda kumvuta mtu sikio, nisiseme uongo. Lakini mwanangu akainama, akachomoa usukani. Nilikuwa nimeufunga kwa ndoano ili gari lienee uvunguni. Akautia begani, akakaa ukutani mahali pake.

"Endesha," akasema.

Yule akasukuma gari kwa mkono, kiuno kimepinda, gari linakwenda upande. Akazunguka hivyo mara mbili huku wenzake wakimuita bibi kizee.

"Haya njoo," akasema. "Endesha mwenyewe."

Mwanangu akaliendesha. Akapita kisima, akapita kamba ya nguo, majambazi wako mbele wanakimbia, halafu akasimama kabisa nyuma ya tofali.

"Pita! Wanatoroka!"

"Kuna foleni."

"Wewe ndo shujaa, unapita tu."

"Geti halijafunguliwa," akasema, akachukua kile kipande cha mti, akazuia tairi.

Mimi mwenyewe nilitaka kumpigia kelele apite. Kumbe nimemtengenezea gari la shujaa na kichwani mwake gari lolote likifika Tunduma linasubiri. Kisha nikaona jambazi mmoja anarudi na gari lake la kopo, anasimama nyuma ya mwanangu.

"We, jambazi unapanga foleni?"

"Na mimi navuka."

Wa pili akaja. Wakabaki wanabishana nani awe geti, maana hakuna aliyetaka kuacha gari lake.

"Mimi naendesha," mwanangu akasema. "Tafuteni mtu."

Wote wakamgeukia yule mkubwa, ambaye gari lake lilikuwa bado liko chini halina mtu. Akanyoosha mkono mbele ya pua ya bluu, shingo upande.

"Karatasi," akasema.

Mwanangu akainua mlango polepole, akatia vidole ndani, akaanza kutafuta.