Mbwa Aliyeitwa Wataongea

Enzi zetu kule kijijini Pito, mbwa alipewa jina ili jirani asikie. Ukikwaruzana na mtu, mbwa wako unamwita Hayakuhusu, asubuhi unasimama uani unamwita kwa sauti, na ujumbe umefika. Vijana wa leo wanawaita mbwa wao Maksi na Roki, na wanawaogesha kwa shampuu. Sisi wenyewe tuliogeshwa Jumamosi kwa ajili ya misa ya kesho yake, tena tukilia, maana maji ya Ufipa mwezi wa Juni yanauma kama nyuki.

Mbwa wetu alikuja mwenyewe. Nilikuwa darasa la nne. Tulikuwa tunacheza kombolela nyuma ya mashine ya kusaga, tukaona wanaume wanamkimbiza mbwa jike wa kahawia kwa fimbo na mawe, wakisema ana kichaa. Hatukushangaa, kwani mtoto wa jirani aliwahi kufa kwa kuumwa na mbwa. Jike yule akajibanza kwenye mabua ya mahindi nyuma ya jiko letu, akawa ananguruma, hataki kusogelewa.

Mama akatoka, mikono imejaa unga. Alimtazama kwa muda, akasema mbwa ana waya shingoni. Kweli, alikuwa amenasa kwenye mtego wa shambani, akaukata na kukimbia nao, na sasa umezama kwenye nyama. Wanaume wakamwambia mama asogee, wammalize. Mama hakupandisha sauti.

"Kwangu hapigwi mgonjwa," alisema, "awe wa miguu miwili au minne."

Baba, ambaye siku zote alisema mbwa na blanketi havikutani, akaingia ndani, akatoka na koleo na blanketi lake zito. Akamfunika nalo, akamkandamiza, mama akakata waya kwa koleo. Mbwa aling'ata blanketi, hakung'ata mtu. Wakamsafisha kidonda kwa maji ya chumvi, wakamfunga peke yake, na sisi tukakatazwa kumgusa hadi bwana mifugo atakapomwona. Bwana mifugo akaja, akamfuatilia mpaka akaridhika kuwa ni mzima, akamchanja. Majirani wakasema mama amefuga balaa. Basi jina likapatikana: Wataongea.

Alitusindikiza shule, akalinda ulezi ulioanikwa, akala ukoko na vichwa vya dagaa, akanenepa. Alipozaa, walewale waliobeba mawe walikuja kuomba watoto wake. Mama akawagawia, kwa sharti kwamba wakachanjwe.

Siku hizi naishi Sumbawanga mjini. Mimi na wenzangu wachache tunazunguka sokoni na stendi kutafuta mbwa waliotelekezwa, tunawatibu, tunawatafutia nyumba. Vijana wanatusaidia sana, ingawa lazima kwanza wapige picha na mbwa, ndipo mbwa apewe maji. Nawapenda hivyohivyo. Kazi inakwenda, na mbwa wanapona.

Ila zamani mbwa asiye na mwenyewe alikula kwa wote: mlango huu ukoko, mlango ule mifupa. Leo anazunguka mtaa mzima unaonukia pilau, anakutana na kuta na mageti. Nyumba zetu za sasa ni nzuri, sikatai. Lakini ukifika na shida yako, lazima kwanza apatikane mtu wa kukufungulia.