Maana za Set na Mkono wa Dada

Kiingereza nilijifunza mwenyewe baada ya kuishia darasa la saba, kwa kamusi iliyokosa jalada. Nilikuwa na kanuni moja: sisemi maana ya neno lolote mpaka niwe nimeandika maana zake zote kwenye daftari, zikiwa na namba, kwa mpangilio wa kamusi. Nilikuwa fundi saa pale Mpanda, na watu waliniletea saa za kutengeneza na barua za Kiingereza za kusomewa kwenye meza moja. Kanuni ile ilinipa heshima.

Mwezi mmoja wa Desemba, katikati ya miaka ya tisini, dada yangu alikuja na mumewe kutoka Kasekese. Siku tano kabla alikuwa ameanguka na baiskeli, akirudi kutoka Ikola na gunia la dagaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwenye ubao kwa vipande vya kanga. Asubuhi ile daktari aliutazama, akawaambia kwa Kiswahili kwamba mfupa umekaa upande, wapande treni ya mchana kwenda Tabora ukarudishwe kabla haujaunga. Akawapa karatasi ya Kiingereza ya kupeleka huko.

Karatasi ndiyo iliyowaleta kwangu. Kwetu, alichosema daktari kwa mdomo kilikuwa jambo moja na alichoandika kilikuwa jambo jingine, na watu waliamini kilichoandikwa. Tena shemeji yangu alikuwa na jirani aliyekwenda Tabora na mikono miwili akarudi na mmoja.

"Shemeji, soma," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Wanakwenda kumkata?"

"Mkono ni wangu, woga ni wake," alisema dada. "Mdogo wangu, msomee upesi. Treni haina shemeji."

Ilikuwa saa nne. Karatasi ilikuwa na maneno machache, nami niliyajua yote isipokuwa moja, set. Neno la kukata halikuwemo. Hilo ningeweza kulisema palepale. Sikulisema. Nilifungua kamusi.

Sikutegemea herufi tatu zibebe mzigo ule. Jua kuzama. Kutega mtego. Kuandaa meza. Saruji kuganda. Kurekebisha mishale ya saa, kazi iliyonilisha miaka yote bila mimi kujua jina lake. Vikombe vya aina moja vinavyouzwa pamoja. Dada alikaa kwenye kigoda akiwa ameushika ubao kwa mkono wa kushoto, shemeji amesimama mlangoni akiangalia njia ya stesheni.

Kwenye namba ya kumi na nne nilikuta: kurudisha mfupa uliovunjika mahali pake. Niliandika, nikapiga mstari, nikaenda namba ya kumi na tano.

"Umepata?" aliuliza shemeji.

"Kuna nyingine."

"Nyingine za nini?" dada akadakia. "Unatafuta neno au unatafuta mke?"

Niliogopa kwamba huko chini kungekuwa na maana ya kukata, nami niwe nimemtuma dada yangu Tabora kwa neno langu. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba nilipenda kutazamwa nikitafuta.

Nilipomaliza maana za neno lenyewe niliingia kwenye jamaa zake: reset, upset, setting. Hapo ndipo treni ilipopiga honi.

"Hawamkati," nilisema. "Wanarudisha mfupa."

Tulikimbia, dada akiwa katikati yetu na mkono wake kifuani. Tulifika tukaona mgongo wa behewa la mwisho.

Treni iliyofuata ilikuwa ya siku ya tatu. Kesho yake mvua kubwa ilianza, maji yakala tuta la reli, na barabara ya kupita msituni ikawa tope ambalo hata malori yaliliogopa. Kila asubuhi nilikwenda stesheni, na kila asubuhi mkata tiketi alitikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Nilirudi nikakaa mbele ya saa za watu bila kuzigusa. Siku moja shemeji aliniuliza, bila kejeli yoyote, "Shemeji, hicho kitabu hakina kitu cha sisi kufanya hapa?"

Njia ilipofunguliwa, baada ya wiki kadhaa, daktari yuleyule aliuminya mkono taratibu. Ulikuwa umeshaunga, vibaya. Kuurudisha sasa kulimaanisha kuuvunja upya.

"Basi," alisema dada. "Nimechoka."

Alirudi kwenye dagaa zake. Mkono ule haufiki kichwani; binti zake sasa husukwa na jirani. Mwaka uliofuata alikuja kunisalimu, akaliona daftari mezani.

"Siku ile uliishia namba ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Na yangu ilikuwa ya ngapi?"

Ningeweza kudanganya, hajui kusoma Kiingereza. Nikamwambia.

"Ya kumi na nne," alirudia polepole, kama anayehesabu. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, nikampa chai.