Chupa kumi na nne ziko kwa mama mkwe, na sijui ni ipi

Admin, jina langu lifiche kabisa, na wewe unayesoma ukinitambua kwa maelezo nakuomba unyamaze. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina watoto watatu, naishi Mazwi hapa Sumbawanga. Najitafutia kwa kutengeneza mvinyo wa rozela nyumbani. Makosa ninayo, nayajua, kwa hiyo matusi wekeni akiba. Haya ninayoandika sijamwambia mtu yeyote.

Sisi watengenezaji wadogo chupa mpya tutazitoa wapi? Nanunua zilizotumika kwenye mabaa, nazilaza kwenye beseni la maji ya moto na magadi, na kwa baridi ya huku inabidi uchemshe maji mara mbili. Asubuhi karatasi zinatoka zenyewe. Gundi inayobaki naisugua kwa jivu na mafuta ya kula mpaka chupa inateleza. Mteja akiona lebo ya mtu mwingine anasema umechakachua, ndiyo maana mimi sibakizi hata alama. Chupa zangu zote zinafanana, na jamani, nilikuwa naringa nazo.

Jumapili hii wifi yangu analetewa mahari nyumbani kwao Milepa, kule bondeni. Mama mkwe akaniomba mvinyo wa wageni. Nilipanga kujaza chupa ishirini, nikakuta ninazo kumi na tisa. Nikaona moja tupu kwenye banda la ng'ombe wetu, imewekwa juu ya mbao. Ilikuwa na harufu kidogo, nikadhani mafuta ya taa. Nikaitumbukiza kwenye beseni pamoja na nyingine, nikabandua karatasi zote bila kuzisoma, nikasuuza, nikaanika. Mvinyo ukaingia humo, kumi na nne zikashuka Milepa na basi, sita nikabaki nazo za kuuza.

Jumanne mume wangu akatoka bandani akaniuliza, "Ile chupa yangu ya dawa ya kupe umeiona?"

"Chupa ipi?"

"Si ile nimeiandika SUMU kwenye karatasi yake, tena kwa herufi kubwa."

Dukani huwa wanampimia dawa ya kuogeshea ng'ombe kutoka kwenye dumu, kwa hiyo anaenda na chupa yake. Mimi nikajibu haraka haraka, "Niliitupa, ilikuwa na ufa." Sijui huo uongo ulitoka wapi. Alishanikataza kugusa vitu vya bandani bila kumuuliza, niliogopa ugomvi, basi. Akaguna, akaenda zake.

Karatasi nikishazibandua huwa naanika juu ya bati, nawashia jiko. Nikaenda kuzipekua moja moja. Nikaikuta imejikunja, mwandiko wa mume wangu kabisa, SU na nusu ya M. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Zile sita za nyumbani nilizifungua zote, nikanusa, nikamwaga. Zilinukia rozela tu. Labda ilikuwemo, labda haikuwemo. Labda kusuuza mara mbili kunatosha, labda hakutoshi. Nimuulize nani na mimi nimeshasema nimeitupa?

Nikampigia mama mkwe. "Shikamoo mama. Ule mvinyo usiwape watu, haujaiva vizuri." Akacheka mpaka akakohoa. "Marahaba mwanangu. Usiogope wageni bwana, usioiva ndio unaowafaa wazee wasio na meno!" Akaniambia zote kazifungia chumbani kwake, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga.

Mtasema, si useme ukweli tu? Ngojeni niwaeleze. Baba mkwe alifariki mwaka jana, na siku mbili kabla alikuwa amekula kwangu, ugali na samaki, kwa mikono yangu. Maneno yalizunguka ukoo mzima. Shangazi zake mume wangu walikataa hata maji yangu msibani. Aliyenitetea ni mama mkwe peke yake. Alisimama mbele ya watu na ujane wake akasema, "Mkwe wangu mwacheni, mume wangu kaumwa miaka mitatu mnaona." Ndipo wakanyamaza. Leo mimi huyo huyo nikafungue mdomo niseme kwenye pombe niliyopeleka kuna dawa ya kupe? Nani ataamini ni bahati mbaya? Nitaachika, watoto watabaki, na mpaka nakufa nitaitwa mchawi.

Na kwetu pombe haimfikii mgeni kabla mwenyeji hajaionja mbele ya watu. Aliyetengeneza ndiye anayeonja, kila chombo kinachofunguliwa. Basi nikajiambia, vizuri, nitaonja mimi. Nitaweka tone ulimini, nikisikia ladha ya ajabu naidondosha chupa kama vile imeniponyoka, yaishe. Kama ni kufa, nife mimi niliyebandua. Nililia, lakini moyo ukatulia kidogo.

Jana jioni mama mkwe kanipigia mwenyewe, ana furaha, nyuma nasikia wanawake wanatwanga na kuimba. Akasema, "Mwanangu, nimekumbuka unanyonyesha, pombe usiguse. Wasije wakaanza tena maneno yao, kila chupa nitaionja mimi, mbele yao, tena glasi nzima, waone ninavyokuamini."

Nikamjibu, "Ahsante mama."

Leo ni Ijumaa. Basi la Milepa linaondoka kesho asubuhi na mimi nimo. Nyie wanawake wenzangu mlioolewa, na nyie mnaojua hizo dawa za mifugo, niambieni nikifika nianzie wapi. Nimwambie mume wangu kwanza, au nimpigie magoti mama? Msiniambie nimwachie Mungu. Mama yule atainywa.