Sakafu ya Nicolasa

Nicolasa Xicay hakuwa mtu wa kusahau. Ukiazima kikaango chake mwezi wa tatu, Krismasi atakukumbusha ulikirudisha na mkwaruzo upande gani. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo aaibishwe mbele ya watoto wenzake, ana miaka minane, Krismasi iko mlangoni.

Ilikuwa zamu ya nyumba ya Doña Hortensia. Siku tisa za mwisho za Majilio, watoto wa mji ule hubeba machela yenye sanamu za Maria na Yosefu, jioni hii nyumba hii, jioni ya pili nyumba ile, huku wakigonga magamba ya kobe kwa vijiti. Mlangoni huimba wakiomba pa kulala, wenye nyumba wakaimba kuwakatalia, mpaka ubeti wa mwisho mlango hufunguliwa na kila mtu akaingia. Siku ile waliingia wote isipokuwa Nicolasa. Doña Hortensia, bi harusi mpya wakati huo, aliiona miguu yake mitupu yenye vumbi, akamzuia kwa mkono kifuani.

"Wewe baki hapo hapo. Sakafu yangu nimeipiga nta leo."

Nicolasa akakaa kizingitini na gamba lake, akiwasikiliza wenzake wakinywa ponche ya moto, na harufu ya mananasi na mdalasini ikimfikia. Nyumbani mama yake alipomuuliza kama sherehe ilikuwa nzuri, alijibu kwamba alisikia vizuri tu kutoka nje.

Miaka hamsini na mbili iliyofuata alifua nguo za watu na kuuza sokoni tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani, akaolewa, akafiwa, akalea binti mmoja katika chumba cha kupanga nyuma ya ua wa mtu. Watu walidhani anahangaikia nyumba. Nyumba gani! Alitaka mlango. Mlango wa mbele unaotazama barabara, ambao siku moja Doña Hortensia angelazimika kuupitia. Alipoupata hatimaye, na nyuma yake sebule ya vigae vyekundu, alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa katekisimu, aliyepanga zamu.

"Nipe jioni inayofuata zamu ya Doña Hortensia."

"Mbona hiyo?"

"Naipenda tu."

Aliipenda kwa sababu desturi inamtaka mwenye nyumba ya jana azisindikize sanamu mpaka nyumba ya leo, na kuzikabidhi mwenyewe.

Siku ilipofika, Nicolasa alipiga magoti akaisugua sakafu kwa nta mara tatu. Binti yake Eulalia alileta majani ya msonobari ya kutandaza chini, kama nyumba zote zinavyofanya.

"Hayo peleka kwa mbuzi," Nicolasa akasema. "Nataka sakafu ionekane."

"Ionekane na nani, mama?"

"Na mwenyewe anayehusika."

Jua lilipozama magamba yakasikika. Watoto wakaimba wakiomba, na Nicolasa, ndani, akazikataa beti zote kwa sauti ambayo kanisani hawakuwahi kuipata kwake. Kisha akafungua. Mbele ya machela alisimama Doña Hortensia na mkongojo wake.

"Vua viatu, Doña."

"Eti nini?"

"Viatu. Sakafu yangu nimeipiga nta leo. Asiyevua abaki nje."

"Colasa, umepata wazimu? Nina miaka sabini na minne!"

"Na mimi nilikuwa na minane."

Doña Hortensia alimtazama. Kisha macho yakashuka chini, na Nicolasa akaona wazi kwamba amekumbuka. Ajuza akaegemea ukuta, akavua kimoja, akavua cha pili. Soksi yake ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia. Furaha ilimpanda Nicolasa mpaka kooni, na hakuionea haya hata kidogo.

Watoto waliona ndiyo sheria ya nyumba. Viatu vikarundikana mlangoni, na wao wakaingia wakiteleza kwenye nta.

"We Chepe, soksi zako zilikufa lini? Zizikwe!"

"Nusa zako kwanza!"

Nicolasa akampa Doña Hortensia kigoda karibu na mlango, akahakikisha anahudumiwa wa mwisho. Watoto walikuwa ishirini na wawili, alikuwa ameuliza mapema na kuandaa kikombe kwa kila mmoja. Ponche ikagawiwa, tamale zikafunguliwa, na kikombe kimoja kikabaki mezani kikitoa mvuke.

"Nani hajapata?"

"Delfina," Chepe alisema, mdomo umejaa. "Yuko nje."

Delfina alikuwa binti wa mfyatua matofali wa kule bondeni. Nicolasa alichukua kikombe, akafungua mlango. Mtoto alikaa kizingitini na gamba mapajani, miguuni kavaa raba za kaka yake.

"Ingia, mwanangu, ponche inapoa."

"Hapana, Doña Colasa. Nikivua hivi, miguu ni michafu. Nilikuwa namsaidia baba matofali, sikupata nafasi ya kunawa. Nitakuharibia sakafu."

"Nani kakuambia habari za sakafu?"

"Si wewe?" Delfina akapokea kikombe kwa mikono miwili. "Lakini usijali. Hapa nasikia vizuri tu."

Nicolasa alishika fremu ya mlango. Mlango wake, alioutafuta miaka hamsini na mbili.

"Ingia na viatu vyako," alisema. "Ingia na vumbi lako lote."

Mtoto alichungulia vile vigae vinavyong'aa, akatikisa kichwa.

Nyuma yao, kwenye kigoda, Doña Hortensia alikuwa amesikia kila neno. Nicolasa alitamani aseme, lolote lile, ili apate mtu wa kumtukana.