Ng'ombe Aliyekwisha Kuugua Ndorobo

Mashamba ya ngano ya serikali yalipofika mpaka kwenye nyasi zetu pale Gendabi, ng'ombe ikabidi wachungwe porini, kwenye mbung'o. Nilikuwa na mtoto wa miezi saba na maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Alikuwa akinyweshwa ya ng'ombe wetu mwekundu, basi. Ng'ombe wetu mwingine alikuwa mtamba, hajazaa bado.

Bwana mifugo akaja na sindano ya kukinga ndorobo, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Dawa iliyobaki ilitosha ng'ombe mmoja. Mama mkwe akaniachia mimi niamue, kwa kuwa maziwa yalikuwa ya mwanangu. Nami sijawahi kukosa la kusema. Kwetu ng'ombe wote hawawekwi zizi moja; yule mwekundu alikuwa amekaa miaka kwa rafiki wa mume wangu, bonde la mbali. Huko aliugua ndorobo, akapona, akanenepa. Nikasema achomwe mtamba, mwekundu ameshazoea.

Wiki ya tatu yule mwekundu manyoya yakamsimama, macho yakawa yanatoa machozi, maziwa yakapungua hadi kikombe kimoja. Hofu ilinifanya nimkamue mara nne kwa siku. Mjinga mimi, niliona nikiacha yatakatika kabisa.

Bwana mifugo alimtoboa sikio, akaenda kupima damu, akarudi na dawa. Alikuwa mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, kisha hasira ikanitoka: si alishaugua huyu? Alijibu taratibu.

"Aliugua wa kule, mama. Vijidudu vya huku ni jamaa ya vile, ila damu yake haivijui. Na hata vile vya kule, damu ikivitambua, vinabadili ngozi."

Dawa ilikuwa imechelewa. Ng'ombe alikufa kabla ya Jumapili. Mwanangu akaishi kwa maziwa ya jirani mkulima, na kila asubuhi nilisimama mlangoni nikihofu kwamba kibuyu hakitaletwa.

Mvua zilipoanza, mtoto akapata homa, ya pili mwaka ule. Mama mkwe, ambaye hana ubaya wowote, alitaka kunituliza.

"Homa hii si alishaugua? Ameizoea."

Nilikuwa nimeshamfunga mgongoni. Nilishika njia ya zahanati, nikihesabu pumzi za mtoto.